Utulivu wa Eufrazia

Eufrazia alitoka Muleba kuja kuanza chuo Bukoba mjini, akapanga chumba Kibeta. Wenzake wa mwaka wa kwanza walikuwa kama watu waliotoka kuuguza, yeye alinawiri. Tangu afike alihudhuria vipindi vyote, akirudi anapika ndizi na maharage, jioni anatembea hadi ziwani. Jumapili, baada ya misa, alikwenda Buhembe kumsalimia shangazi yake na kumsaidia kupalilia migomba. Walimu wa sekondari walikuwa wamewaambia, "Someni sasa, chuo mtapumzika." Akaona kumbe ni kweli.

Mshauri wa wanafunzi, Mama Anatolia, alikuwa amechoka kusikiliza vilio ofisini kwake. Siku moja akamsimamisha Eufrazia nje ya bwalo.

"Wenzako wanalemewa, mwanangu. Wewe unafanyaje?"

"Nalala mapema, mama."

"Basi njoo uwaambie."

Ukumbi ulijaa. Eufrazia akawaeleza wenzake wawe wanakula vizuri, walale, wasisahau ndugu zao. Watu wakaandika. Ndipo Derick, anayesoma naye darasa moja, akanyoosha mkono.

"Dada, asaimenti unaziandika saa ngapi?"

"Asaimenti gani?"

Ukumbi mzima ukacheka na kupiga makofi. Mama Anatolia akasimama kwa furaha. "Mmeona? Huyu habebi mizigo kichwani!"

Derick peke yake hakucheka. Walipotoka alimwonyesha simu yake. Asaimenti mbili zilikuwa zimepita, ya tatu ilitakiwa Ijumaa, na testi ilikuwa wiki iliyofuata. Zote zilitangazwa kwenye grupu la WhatsApp.

"Mbona darasani hawasemi?"

"Walisema siku ya kwanza, kwamba kila kitu kitakuwa kwenye grupu."

Siku hiyo ya kwanza Eufrazia alikuwa bado Muleba, ukoo unamfanyia sherehe ya kumuaga. Na simu yake ilikuwa ya kitochi, isiyoingia WhatsApp. Akakaa kwenye ngazi.

Asubuhi alikwenda kwa Mama Anatolia akamweleza yote. Mama akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Kwa hiyo jana..."

"Nilikuwa sijui, mama."

"Usimwambie mtu," alisema Mama Anatolia, akamshika mkono hadi maktaba. Kule nyuma kulikuwa na kompyuta za wanafunzi, zimekaa bila mtu. Jovita, mkutubi, alimfundisha kuzitumia na kutafuta makala, akishangaa kwamba kuna aliyefika kuuliza. Derick akawa anamsomea matangazo ya grupu kila jioni. Mhadhiri mmoja alikubali kazi iliyochelewa. Wa pili alimpa sifuri, akamwambia amesikia sifa zake.

Testi alifaulu kwa kuponea chupuchupu. Buhembe hakuonekana tena, mpaka shangazi akaamua kumfuata mwenyewe Kibeta na mkungu wa ndizi. Alimkuta Eufrazia macho mekundu, nywele hazijasukwa, anaandika huku sufuria inaungua jikoni. Shangazi alimzunguka, akamtazama mbele na nyuma, kisha akatoka nje kumpigia simu kaka yake, baba wa Eufrazia, kule Muleba.

"Kaka, nilikuwa na wasiwasi na huyu mtoto, alikuwa ananenepa tu," Eufrazia alimsikia akisema kwa sauti ya furaha. "Sasa usiwe na shaka. Amekonda. Kweli anasoma!"