Goti la Mama Mkwe na Treni ya K

Ndoa ya Yesenia Maldonado na Kazik Wilczek ilisimama kwa mapenzi, kwa uvumilivu, na zaidi ya hayo yote kwa ngazi za kituo cha Hobart. Mama yake Kazik, Bi Jadwiga, alikaa Greenpoint, upande wa Brooklyn. Wao walikaa Woodside, upande wa Queens. Kwenye ramani ni pua na mdomo. Kwa treni, ilibidi mama ashuke Hobart, apande ngazi ndefu, avuke korido inayonuka vitu ambavyo heri visitajwe, kisha ateremke ngazi nyingine akasubiri treni ya pili. Lifti ya pale ilikufa zamani, na Bi Jadwiga alikuwa na goti.

"Goti hili, mwanangu," alimwambia Kazik kwenye simu kila Jumapili, "goti hili limekataa."

Yesenia alikuwa jikoni akisikiliza, na kimoyomoyo akaliombea goti lile lisipone.

Katika mji wa New York hakuna aliyeona ajabu. Mtu wa treni moja ni jirani yako, unamtembelea. Mtu wa treni mbili ni ndugu wa simu. Ukimwambia mwenzako "itabidi nibadilishe treni," anakuitikia kwa huruma na habari imekwisha. Kwa hiyo Bi Jadwiga alikuja mara mbili tu kwa mwaka, mkesha wa Krismasi na Pasaka, akiletwa na Kazik kwa gari, na Yesenia aliweza kuvumilia mara mbili.

Uadui wao ulianzia kwenye sufuria. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Yesenia alimpikia mama mkwe wali wa mbaazi na nyama ya nguruwe, kama alivyofundishwa na bibi yake wa Puerto Rico, akaacha ukoko mwekundu chini ya sufuria, ule wa kugombaniwa, ili amkwangulie mgeni kwa heshima. Alipotoka kumvalisha mtoto, Bi Jadwiga akaingia jikoni, akashika sugulio la waya, akasugua sufuria mpaka ikang'aa kama kioo. Kisha akamnong'oneza Kazik kwa Kipolandi, na Kazik, mwanamume asiyejua lini anyamaze, akamtafsiria mkewe: "Mama anasema usiwe na wasiwasi, hatamwambia mtu kwamba uliunguza."

Tangu siku hiyo, kila Bi Jadwiga alipokuja, Yesenia alitembea nyuma yake na kitambaa, akifuta alipogusa na kufunga kabati alilotaka kufungua. Nyumba yake, sufuria zake.

Basi jioni moja Kazik akarudi kutoka kazini, mikono myeusi kwa masizi ya matanki ya kuchemshia maji ya shule, uso unameta kwa furaha.

"Umesikia habari ya K?"

"K gani?"

"Treni ya K! Wanataka kuigeuza. Badala ya kwenda Manhattan, itoke hapa Woodside moja kwa moja mpaka Greenpoint. Moja kwa moja, Yesi! Hakuna Hobart, hakuna ngazi. Mama anakaa kwenye kiti, anafumba macho, akifumbua yuko hapa."

Yesenia alikuwa anamenya ndizi mbichi. Kisu kikasimama.

"Kila wiki?" akauliza.

"Kila wiki nini! Akitaka kila siku. Halafu na wewe kazi yako iko Brooklyn, utafika upesi. Tumepata!"

Ni kweli. Yesenia alipiga watu picha za eksirei katika hospitali moja ya Brooklyn, na kila siku alipanda na kushuka zile ngazi za Hobart akizilaani. Hakuna mtu katika Queens nzima ambaye mpango ule ungemfaa kuliko yeye. Ndiyo maana Kazik alibaki mdomo wazi aliposikia mkewe amejiandikisha kwenda kuupinga.

"Nawafikiria watu wanaokwenda Manhattan," Yesenia akasema bila kumtazama. "Ubinafsi si mzuri."

Mkutano wa kusikiliza maoni ulifanyika katika ukumbi wa mazoezi wa shule, chini ya goli la mpira wa kikapu. Mwenyekiti, Bi Pryce, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, alisoma masharti: kila mtu dakika mbili, taa nyekundu ikiwaka kipaza sauti kinakatwa, na hakuna kupiga makofi. Atakayefurahi apunge vidole hewani.

Mikutano ya namna hii kila mtu huja na ugonjwa wake akauita shida ya umma. Alianza bwana mmoja wa benki, aliyesema kwamba kwa miaka mingi amejua kigae gani cha kituo asimame ili mlango wa K ufunguke mbele ya ngazi za kutokea kule Manhattan. "Sasa mnataka nianze maisha upya," akasema, sauti ikitetemeka. "Kwa umri huu!" Vidole vikapungwa. Akafuata dada aliyezoea kujipaka wanja ndani ya treni, jicho la kushoto kabla ya kuvuka mto na la kulia baada ya kuvuka. Njia ikibadilika atafika kazini na jicho moja.

Kisha akasimama Tenzin, mpishi Mtibeti mwenye duka la maandazi ya nyama jirani na kwa kina Yesenia. Alikuwa na duka la pili Brooklyn.

"Mimi naunga mkono," akasema. "Nikirudi kwa treni mbili, watoto wangu wamelala. Nikirudi kwa moja, nitawakuta macho. Basi, sina lingine." Akarudi kukaa huku dakika yake moja na nusu ikiwa bado.

Yesenia aliona aibu imemkaa shingoni. Jina lake likaitwa, akaenda.

"Nawasemea wazee wetu," akasema. "Wazee wetu wamezoea utulivu. Ukimletea mzee treni mpaka mlangoni, unamsumbua. Anajiona lazima asafiri! Tuwaache wazee wapumzike makwao. Napinga."

Hata yeye hakujua alichosema kina maana gani, lakini lilitajwa neno wazee, na watu wakapunga vidole kwa nguvu. Akakaa mstari wa mbele, pembeni ya mzee Gansel, aliyehudhuria kila mkutano wa mtaa, hata wa mapipa ya taka, na sandwichi yake ya mayai, na kila mara akazungumza mwisho.

Hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, wakaingia akina mama wanane wa Kipolandi wenye kofia za sufu. Gari la kanisa lao lilikuwa limezunguka muda mrefu likitafuta pa kuegesha. Yesenia hakugeuka. Alikuwa bado anajisikia mwongo.

"Bi Jadwiga Wilczek, wa Greenpoint," akaita Bi Pryce.

Yesenia akajikunja kitini mpaka kidevu kikagusa magoti. Mama mkwe akapita katikati ya viti, mgongo wima, miguu inakwenda kama ya askari wa gwaride. Hakuchechemea hata kidogo.

"Mimi napinga," akasema Bi Jadwiga kwenye kipaza sauti. "Nina mwanangu huku Woodside. Kijana mzuri. Ana mke. Sasa mimi, miaka yote, nikiitwa nije, nasema goti. Goti langu, namshukuru Mungu, halina neno. Ijumaa nacheza polka ukumbini kwetu, waulizeni hawa."

Wale saba wa nyuma wakapunga vidole.

"Lakini treni ikinyooka, nitasema nini? Huyo mke wa mwanangu, nikiingia kwake, ananifuata na kitambaa. Nikishika kikombe, anafuta. Nikikaa, anafuta. Nimekuwa mkaguzi wa afya au nimekuwa uchafu? Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima. Nina goti langu, nimeridhika nalo. Msiniondolee."

Ukumbi ulicheka mpaka goli la kikapu likatikisika. Kila mtu mle ndani alikuwa na mtu wake wa treni mbili.

Yesenia alitakiwa afurahi. Mama mkwe hataki kuja, yeye hataki aje, kuna ugomvi gani hapo? Lakini hasira ilimpanda kutoka kwenye nyayo. Akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kujibu!"

"Dakika zako umeshatumia, Bi Maldonado."

Mzee Gansel akameza tonge la yai, akainua mkono. "Mpe zangu," akasema. Vichwa vikageuka. Hakuna aliyewahi kumwona Gansel akimpa mtu hata sekunde. "Nimekuja mikutano hii tangu mke wangu afariki," akaongeza, "na sijapata mmoja mzuri kama huu."

Yesenia akafika kwenye kipaza sauti. Wakasimama wawili wale, kila mmoja ameshika upande wake wa ile fimbo ya chuma iliyoshika kipaza sauti.

"Kwa hiyo unacheza polka, Mama."

Bi Jadwiga akafumba macho, akafumbua. Mkaza mwana bado yuko palepale. "Na wewe unafanya nini huku?"

"Nimekuja kutoa maoni."

"Maoni gani? Kazi yako iko Brooklyn. Treni hii ni yako kabisa. Lazima unaunga mkono."

Yesenia akatazama taa. Ilikuwa bado kijani, wala haikumsaidia.

"Amepinga!" akaropoka yule wa benki kutoka nyuma. "Tena amewasemea wazee!"

Kicheko kikalipuka upya. Bi Jadwiga hakucheka. Akamtazama Yesenia taratibu, kofia ikiwa imemshukia upande mmoja.

"Wazee," akasema. "Ndiyo mimi huyo."

"Ulisugua ukoko wangu, Mama! Niliuacha kwa ajili yako, ukausugua kwa waya ukaniita muunguzaji!"

"Ukoko ule mnakula?"

"Ndiyo utamu wote wa wali ule!"

Bi Jadwiga akapigwa na butwaa. "Mtoto wa watu, mimi nilikuwa nakusitiri! Nilijua umeona haya." Kisha naye likamjia la kwake. "Na bigosi yangu je? Nilikuletea chungu kizima cha bigosi, kabichi na nyama, nimeipasha siku tatu ili iive vizuri. Ukaimwaga chooni! Nilisikia maji."

"Ilikuwa imechacha!"

"Kabichi ile ni ya kuchacha! Isipochacha inakuwa ugonjwa!"

"Kweli kabisa," akasema mzee Gansel.

Taa ikageuka njano. Bi Jadwiga akaishusha sauti, lakini kipaza sauti hakijui siri.

"Nilijua hunitaki kwako," akasema. "Nikaona heri goti ndilo likatae, kuliko wewe unikatae mlangoni mbele ya wajukuu. Goti halinitii uchungu."

Hakuna aliyecheka. Yesenia alikuwa amejiandaa kwa mama mkwe wa kumpangia sufuria, hakujiandaa kwa huyu. Alijuta, na majuto yale yalimuuma kweli.

Taa ikawa nyekundu, kipaza sauti kikakatika, wakabaki wanatazamana kama watu waliokutana leo. Bi Pryce akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni.

"Bi Maldonado, nimekuandika unapinga. Ibaki hivyo?"

"Nibadilishie," akasema Yesenia kwa sauti yake mwenyewe. "Naunga mkono. Treni ije mpaka mlangoni. Na huyu aje ale ukoko mpaka akome."

"Na mimi nibadilishie," akasema Bi Jadwiga, akiirudisha kofia mahali pake. "Nitakuja. Tuone nani atachoka kwanza."

Tenzin, kule nyuma, akasahau masharti akapiga makofi.

Mpango ulipita. Wengine walisema ulikuwa umeshapitishwa kabla ya mkutano, kama kawaida. K ikaanza njia mpya Jumatatu moja ya masika, na Bi Jadwiga akapiga simu kwamba atafika Jumapili ya wiki hiyo kwa chakula cha mchana. Siku ilipofika Yesenia akaamka mapema kuweka mbaazi motoni. Akajiambia anapika kwa ushindani tu. Lakini alibadilisha pazia pia, na pazia halishindani na mtu.

Asubuhi hiyo hiyo Kazik akafungua simu, akanyong'onyea. "Yesi. K haifanyi kazi leo. Wanatengeneza reli."

"Wiki ya kwanza?"

"Ni Jumapili," akasema Kazik, na kwa mji ule, ambako reli hutengenezwa mwisho wa wiki, hayo yalikuwa maelezo tosha. "Nikamchukue kwa gari? Simu yake haipokelewi."

"Atakuwa ameghairi," akasema Yesenia. Akapunguza moto. Akashangaa jinsi alivyoumia. Kwa miaka yote angekata keki kwa habari kama ile. Akakaa jikoni peke yake, hataki kuongea na mtu.

Saa saba na kitu kengele ikalia. Bi Jadwiga alikuwa mlangoni, uso mwekundu, kofia mkononi, chungu kimefungwa kitambaa chini ya kwapa, anahema kama aliyekimbizwa.

"Hobart ile!" akasema. "Nani alijenga ngazi zile, shetani? Nimepanda, nimeteremka, nikaambiwa nimekosea upande, nikapanda tena. Treni tatu! Toka njiani nikae."

Kazik akamkimbilia. "Mama! Goti lako?"

"Niulize baadaye."

Yesenia akampokea chungu. Alitaka kusema jambo zuri, akasema tu, "Karibu, Mama. Pole na safari." Na mara hii alimaanisha.

"Usijali, baadaye nitakurudisha kwa gari," Kazik akamwambia mama yake, akimvua koti.

"Gari la nini?" akasema Bi Jadwiga, akijitupa kwenye kochi. "Mimi ni mtu wa treni sasa. Wamesema K itarudi Alhamisi. Nitasubiri."

Yesenia akamtazama Kazik. Kazik akatazama dari. Kisha Yesenia akaenda chumbani, akafungua kabati, akasimama kidogo mbele ya mashuka, akatoa yale mazuri.