Ugonjwa wa Kusimama

"Ugonjwa gani huo unaojua zamu ya kufagia ngazi?" Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, alinifokea mpaka wa ghorofa ya juu wakasikia. "Ukisimama, kichwa! Ukilala, buheri wa afya! Huo uvivu, shoga, tena wa kusomea."

"Si nimetoka kupasuliwa mgongo juzijuzi!"

"Mgongo, sawa. Kwani na kichwa walipasua?"

Majirani waliokuwa ngazini wakaangua kicheko. Mimi fundi cherehani, sikosi sindano ulimini, ila siku hiyo nyundo ya maumivu ilinigonga kisogoni, masikio yakaziba. Nikaegemea ukuta. Ubaridi ukateremka kiunoni.

Mama Pacha akaacha ufagio. "Mbona gauni limelowa?"

Sikuwa nimeshika hata kikombe. Akaligusa, akanusa kidole. Si damu, si usaha. Maji matupu. Damu ningeielewa, haya maji yalinitia baridi ya kifo.

Alinipeleka hospitali mwenyewe, nimelala kiti cha nyuma cha teksi. Daktari akatazama kidonda, tone la maji likachomoza, likang'aa.

"Kichwa kinauma wakati gani?"

Nilimtazama Mama Pacha. Akainamisha macho. "Akisimama, daktari. Akilala kinaacha."

"Basi ndicho chenyewe. Utando unaofunika uti wa mgongo umetoboka, maji yanayobeba ubongo yanavuja. Ukisimama, ndipo yanapokimbia zaidi, na kichwa kinauma."

"Na tukiyaacha?"

"Panapotoka maji, vijidudu huingia. Hatuyaachi."

Picha ya mashine ikaonyesha tundu lilipo. Likatakiwa kuzibwa kwa uzi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kitambaa chembamba nakijua mimi: ukikirudia kwa sindano, tundu huzaa tundu.

"Daktari, mshono utashika?"

"Tutauwekea na kiraka juu." Hakusema ndiyo.

Baada ya upasuaji nililazwa chali, marufuku kuinuka. Kisha muuguzi akaanza kuinua kitanda, kidogo kidogo. Nikafumba macho nikiingoja nyundo. Akainua tena. Nikapapasa shuka chini ya kiuno: kavu. Nikapapasa tena, siamini. Kavu.

Siku ya kurudi nilipanda ngazi nikiwa nimeshika ukuta, kila kidato nikisikiliza kichwa changu. Ngazi zilikuwa zimefagiwa. Mlango wa pili ukafunguka, harufu ya chakula ikatangulia.

"Umesimama?" Mama Pacha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimesimama."

"Kichwa?"

"Kimya."

Akajifuta macho kwa kanga. "Haya pita ndani, mvivu wangu, tule. Ila kwangu hakuna kula umelala."