Chuma Kisichotiririka

…aliyenisimulia kwanza ni shangazi Otilia, mwaka tisini na nne, siku ya ubatizo wa huyuhuyu mdogo wangu Wilibrodi aliye juu ya kichanja sasa hivi, tulikuwa nyuma ya nyumba tunasugua masufuria kwa majivu, mimi na miaka kumi na minne, akasema Angela, una kichwa cha kushika mambo, basi shika na hili, nikalishika, mwaka, saa, nani alisimama wapi… "Dada! Kapu!" …nimesikia, kapu ninalo mikononi, mkaa umejaa mpaka mdomoni, kamba inaning'inia mbele ya uso wangu na ndoano yake, kazi yangu ni kutundika tu, makapu kumi na tisa nimetundika tangu asubuhi, hili ni la ishirini, lakini huu ufa wa ukuta wa tanuri haukuwa hivi, kwenye la kumi na nane ulikuwa unywele, sasa kidole kinaingia, na unatoa mvuke, udongo wa kichuguu haujakauka, nani anajenga ilungu, tanuri la kuyeyushia chuma, mwezi wa tatu, wazee walisubiri kiangazi, matanuri yao ukiyagonga yalilia kama chungu, hili nimeligonga, limenyamaza, na Wilibrodi amelirefusha, pima mbili kupita la babu, juu ya mawe yaleyale ya babu… hakutaka majembe, babu Baltazari, alitaka kengele, kigango chao kiligonga rimu ya lori na yeye akaona aibu, Mungu haitwi kwa rimu, akamwambia katekista, nitaimimina kengele kwa chuma cha mlima huu, na wafuaji wenzake wakacheka kwanza, kisha wakamsihi, chuma cha ilungu hakitiririki, Baltazari, kinatoka bonge, bonge unalifua jembe, humimini kitu, na mimi kemia ya kidato cha nne inaniambia hivyohivyo, digrii elfu moja na mia tano na zaidi, upepo wa mirija hii haufiki huko, lakini yeye kila mwaka alirefusha tanuri, na kila mwaka likampa bonge zuri la majembe kumi, akalibiringisha korongoni kwa sababu halikutiririka, watoto wake wakilimia jembe la kuazima… "Dada, moto unashuka! Umelala?" "Nafunga kamba," nasema, uongo, sijagusa kamba, miguu yangu iko palepale, Tadei na Kija, rafiki zake waliokuwa wakimsaidia, wameondoka asubuhi, Tadei akicheka, Wili mshikaji, hiyo kengele itakulilia wewe kwanza, Kija hakucheka, aliutazama ukuta, akaniamkia shikamoo mara ya pili kana kwamba ananiaga, akapanda pikipiki, wifi Minza alitangulia tangu Januari, amerudi kwao na watoto, nimebaki mimi, na mwaka hamsini na nane ilikuwa hivi, wanaume walimwacha babu mmoja mmoja, mwiko ulimkataza mwanamke kukaribia ilungu linapowaka, lakini nani tena angempandishia mkaa, akabaki bibi Cornelia, akasimama hapa… mwalimu wetu wa fasihi alisema hadithi kuu za kale zina mtu mmoja anayetaka kisichowezekana, tukaandika dhamira, uvumilivu, ushujaa, nikapata alama zote, hakuna aliyeuliza nani alikuwa amesimama chini, nani alipandisha makapu… ukuta ulifunguka upande huu, juu ya bibi, babu akarukia nguzo ya kichanja, akabaki na kovu moja la mkono, akaishi miaka ishirini na miwili zaidi, na shangazi, mtoto wa miaka tisa, alimwona babu akichokoa makaa kwa kijiti kabla bibi hajatolewa, si kumtafuta, Angela, alisema, akisugua sufuria lilelile ambalo lilikuwa limeshatakata, alikuwa anatazama kama chuma kimetiririka… na nilipoandika daftari la ukoo baba akanishika mkono, andika homa, bibi yako alikufa kwa homa, tusimwaibishe mzee, nikaandika homa, kwa wino, mimi ninayebishana na padre kwa tarehe moja ya kipaimara, na kila misa ya marehemu nikasimama nikasoma, Baltazari hakukata tamaa mpaka mwisho, watu wakapiga makofi, Wilibrodi kwenye mkeka wa mbele, kinywa wazi, na maneno hayo ameyachora kwa msumari kwenye udongo huu ulipokuwa mbichi, HAKUKATA TAMAA, na ufa unapanda, umefika kwenye herufi ya mwisho… "Unaogopa nini, dada? Babu angeogopa?" …anacheka, sauti yake inatoka kwenye moshi kama ya mtu aliye mbali, mwambie, Angela, neno moja tu, si homa, nafungua mdomo na linalokuja ni ile sentensi, hakukata tamaa, tamu bado, na hapo ndipo ninapoona, jua limenisimamia utosini na mvuke unanipiga kifuani, naona kwamba sikuuficha ukweli kwa ajili ya babu, wala kwa ajili ya baba, baba amekufa miaka mingi, ningeweza kufuta, niliipenda, ilikuwa sentensi yangu nzuri kuliko zote na homa ndiyo iliyoilinda, nimemjengea Wilibrodi tanuri hili mimi, misa kwa misa, kabla yeye hajachota udongo… "Dada!" …kamba inatikisika, ndoano inanigusa bega, basi niandike sawasawa, kichwani, kwa kuwa daftari liko nyumbani, bibi Cornelia alikufa hamsini na nane, hapa, si kwa homa, babu Baltazari themanini, kitandani, baba Zenon elfu mbili na kumi na moja, shangazi Otilia yu hai, yuko Mwimbi, lakini kiharusi kimemchukua ulimi, hatamwambia mtu, Wilibrodi yu hai, yuko juu, anaita, na mimi, nimesimama aliposimama bibi, kapu la ishirini mikononi, niko hai.