Samli kwenye Mlango

Panga lilipopita kwenye bati la mlango halikulia kama chuma. Lililia kama leso inayochanwa na mtu mwenye hasira. Ncha yake ilitokea upande wetu wa ndani, nyeupe, ikarudi nje, ikatokea tena chini kidogo. Na wewe, Umulkheir, ulikuwa umeegemea bati hilo hilo kwa mgongo, mtoto wa miaka mitano, umeziba masikio kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia uzibe.

Hilo kovu la begani kwako si la chai ya moto. Nilikudanganya. Mume wako pia, siku aliyouliza, nilimdanganya.

Nakuandikia haya kwa sababu ya barua yako. Unasema mnauza nyumba yenu, mnunuzi mmempata wenyewe, na dalali ni wa nini, mtu wa kukaa katikati na kula pande mbili. Hayo maneno niliyasema mimi kabla yako, hapa hapa mtaani Bulla Pesa, mwaka wa sabini na nne, na kwa mdomo mkubwa kuliko wako.

Baba yako Yattani alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, lori la mbuzi lilipopinduka naye kwenye barabara ya Marsabit. Alituachia nyumba ya vyumba vitatu vya udongo, mbele imepakwa simiti, juu mabati, pamoja na chumba kimoja cha kupangisha uani na barua ya ploti kutoka baraza la kaunti yenye jina lake. Mvua ilikuwa imekataa mwaka wa pili. Watu walikuwa wanaingia mjini kwa miguu, na ng'ombe wao wamebaki njiani wamekauka kama viatu. Dada yangu alikuwa Nanyuki anapika hotelini. Akanitumia neno: uza, njoo, tutafute mahali petu pa kuuza chai. Nikaona ni Mungu ameniita kwa mdomo wa dada yangu.

Mzee Roble alinusa habari kabla sijamwambia mtu. Yeye ndiye alikuwa dalali wa kila kitu, punda, ploti, hata mashine za kushona. Alikuja akasimama nje, fimbo begani, hakuingia.

"Binti yangu, nasikia unauza. Nikutafutie mtu?"

"Mtu nitatafuta mwenyewe, mzee."

"Kupata mtu si kazi. Hata mbwa anapata mtu. Kazi ni vile mtu anaondoka."

Kathambi, yule Mmeru aliyekuwa akiniuzia mboga, alicheka mpaka akaweka kikapu chini. "Huyu mzee! Hata ukiuza kikohozi chako atataka robo!" Tukacheka wote wawili usoni mwake. Roble akatema mate pembeni kwa adabu na kwenda zake. Sikumwita tena.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Molu, mfugaji kutoka Korbesa. Mtu mrefu, mpole, macho mekundu kwa vumbi. Alikuwa amezika wanyama wengi kuliko aliobaki nao, na alitaka kuuza hao waliobaki kabla nao hawajalala chini, awalete watoto wake mjini. Alizunguka nyumba polepole. Alipiga ukuta kwa kiganja kama anavyopigwa ng'ombe ubavuni. Nikataja bei yangu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliketi.

Mwanangu, sikiliza hapa. Mimi nilizaliwa mjini, lakini mama yangu alinifundisha kwamba Mborana hatoki nyumbani kwako bila buna. Basi nikakaanga buni nzima kwenye samli mpaka zikapasuka, nikamletea kwenye kibuyu. Molu alipoziona, uso wake ulibadilika. Alichukua chache akatafuna. Alichovya vidole kwenye samli akajipaka kichwani. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akapaka fremu ya mlango, juu na pande mbili, akaomba polepole: nyumba hii iwe na nagaa, watoto wake wawe na nagaa, anayetoka awe na amani na anayeingia awe na amani.

Mimi nikasema, "Amin."

"Naenda kuona wanyama, mke wa Yattani," akaniambia, na akaondoka.

Nimekuwa nikijiambia miaka hii yote kwamba sikuelewa. Nilielewa. Mtu hapaki samli kwenye mlango wa mwingine. Roble angekuwepo, buna isingetoka jikoni. Kwake hata sokoni kwa mbuzi, mpaka bei ifungwe hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu mdomoni, na akiona mtu ameanza kuomba dua angemkatiza kwa sauti, mbele ya watu wote: bado, bado, hatujauza! Hiyo ndiyo kazi niliyoicheka.

Siku zikapita, kumi, kumi na moja. Molu kimya. Dada yangu akatuma neno tena. Ndipo akaja Abdillahi, mwenye duka la nguo, mtoto wa wale wazee wa ukoo wa Waisahaka waliokuwa askari wa Mwingereza. Kanzu nyeupe, pesa tayari, na karani wa kunibadilishia barua ya ploti anamjua kwa jina.

"Abaayo, dada yangu, mimi sina maneno mengi," alisema. "Umetaja, nimekubali. Jumamosi utoke."

Kabla hajaingia kutazama vyumba, nilichukua kitambaa nikafuta samli kwenye fremu. Nilijiambia ni kwa ajili ya kanzu yake. Samli ilikuwa imeshika vumbi na nzi wawili, ikakataa kutoka. Nikasugua kwa majivu mpaka mbao ikawa nyeupe.

Ijumaa, siku moja kabla ya kutoka, nilikuwa nafunga masufuria ndani ya gunia. Wanaume walikuwa msikitini, bulla yote imetulia, sauti ya kuku peke yake. Nikasikia salamu nje. Molu alikuwa amesimama pamoja na mdogo wake Mako, kijana mwenye mabega mapana, wote wawili wameungua jua. Molu alikuwa amefunga kitu ndani ya shuka, amekikumbatia kifuani kama mtoto.

"Salaam aleikum, mke wa Yattani. Tumekawia. Wanyama walikuwa hawatembei." Akatabasamu. "Nimeuza wote. Nimekuja kwa nyumba yangu."

Ningeweza kusema ukweli. Ningeweza kusema, kaka, ketini, nimekosea, tumwite Roble, tuwaite wazee. Nilitazama fremu ile iliyosuguliwa, na Molu akafuata macho yangu, akaiona. Akanyoosha mkono akaigusa. Mimi nikarudi nyuma na kufunga mlango, nikatia komeo.

Kosa la kuuza mara mbili wazee wangelimaliza kwa siku moja. Lakini kumfungia mtu mlango usoni, mlango alioubariki kwa mkono wake, hilo halina kikao.

"Fungua!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mako. "Fungua, mwizi wewe! Ng'ombe za baba yetu zimeisha kwa sababu ya mdomo wako!"

"Mako, wacha," Molu alisema. "Wacha. Kuna mtoto."

Nikakuvuta mlangoni, nikakwambia egemea hapa mlango usisukumwe, uzibe masikio, nami nikawa nasukuma kabati. Kabati lilikuwa zito. Nilikugeuzia mgongo. Ndipo lile panga likaingia, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu halikurudi jeupe.

Ulipiga yowe moja tu. Nimewahi kusikia fisi akishikwa na mtego, nimesikia risasi za wakati wa vita vya shifta, lakini yowe lile bado liko kwenye mifupa yangu.

Aliyelisikia ni Akal, Mturkana aliyepanga kile chumba cha uani. Alikuwa akilinda mashine ya posho usiku, na mchana ndio usingizi wake. Alitoka na kaptula peke yake na rungu. Hakujua habari ya nyumba, wala Molu, wala Abdillahi. Alichoona ni mtu na panga lenye damu kwenye mlango wa mjane, na mtoto analia ndani. Alipiga mara moja. Mimi nilisikia kupitia bati, sauti kama ya chungu kinachowekwa chini kwa nguvu.

Nilipofungua, nimekushika na damu yako ikishuka mpaka kiwiko changu, Mako alikuwa amelala kifudifudi, kisigino chake kimoja kikipiga mchanga. Kilipiga kwa muda, halafu kikaacha. Molu aliketi, akapakata kichwa cha ndugu yake. Alifungua lile shuka amfunike, na pesa za ng'ombe wote wa Korbesa zikamwagika chini. Upepo ukaanza kuzisukuma kuelekea kwa mashimo ya taka. Watu walifika kutoka msikitini, watoto wakaja, wenye njaa wa mwaka ule, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

Akal alikuwa bado ameshika rungu. Akaniuliza, "Mama Umul, huyu ni nani?"

Wiki nzima Bulla Pesa ililala na viatu. Wenye ndugu upande wa Molu waliogopa upande wa Akal, na upande wa Akal waliogopa upande ule, na wote walinitazama mimi nikipita kuteka maji. Molu alizika, akaokotewa pesa zake na wazee, akarudi zake. Hakunitukana. Heri angenitukana. Abdillahi alikuja hadi kona ya njia, hakukaribia mlango. "Nyumba ya damu sinunui, abaayo. Nirudishie pesa niliyokulipa." Nikarudisha. Wewe begani ulishonwa hospitalini, mama mmoja wa kule akaniambia jeraha lingekuwa shingoni lisingeshonwa.

Akal alifungwa miaka saba. Mahakamani alipoulizwa kwa nini alipiga, alisema, "Ni nyumbani kwetu."

Nilienda kumwona jela mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, nimebeba sukari na tumbako. Alikuwa amekonda. Tuliketi kila mtu upande wake wa waya, na askari katikati anachokonoa meno.

"Mtoto?" akauliza.

"Amepona."

Akaitikia kwa kichwa, akafurahi kweli. Halafu akatazama mikono yake.

"Polisi waliniambia ulikuwa umeuza."

"Ndiyo."

"Na chumba yangu?"

"Na chumba chako. Vyote pamoja."

"Hukuniambia, Mama Umul."

Jumamosi ile ningekuwa Nanyuki, naye angeamka mchana akute kufuli la mtu mwingine.

"Sasa iko na nani?" akauliza.

"Haina mtu. Hakuna anayeitaka."

"Basi usipangishe mtu. Nikitoka nitalipa kodi yote."

Alikufa humo ndani mwaka wa themanini, kifua, ikiwa imebaki miezi michache. Watu huja kuniuliza kile chumba cha uani, ni bei gani kwa mwezi. Nawaambia kina mtu.