Idadi ya Watoto wa Secilia

...na ameacha watoto, hapo kalamu imesimama, watoto wangapi, wasifu wote nimeumaliza tangu asubuhi, mama yetu Secilia alizaliwa Nyakisasa, akabatizwa, akaolewa hapa Keza, tarehe zote nimezihakiki kwenye daftari langu la ukoo, imebaki namba moja tu, na katekista anaisubiri karatasi, akishaisoma kaburini atawaita watoto wa marehemu jina kwa jina waweke mashada, na Ciza ama ataitwa ama atabaki amesimama na majirani... nje ya dirisha wanamenya ndizi, Joan, binti wa kaka yangu Philbert, anawaeleza anachosomea chuoni, sauti yake ya taratibu kama ananibembeleza nilale, darubini yao ina kamera isiyoangalia mwanga huu wetu, inaangalia miale ya joto, na haichukui nyota moja moja, inachukua kipande kipana cha anga kwa mpigo mmoja, maelfu kwa maelfu, hata zilizo nyuma ya vumbi, kumbe huko juu nako kuna vumbi, mawingu ya vumbi mapana kuliko... sikusikia kuliko nini, sufuria imeanguka... vumbi nalijua, vumbi la Oktoba tisini na tatu, si tisini na nne kama Philbert anavyosimulia, watu wanatoka Burundi na magodoro kichwani, wanapita kimya kama watu wa ndotoni, mwanamke mmoja akamkalisha mtoto barazani kwetu, miaka mitano hivi, akaomba ndoo, akaenda kisimani, ndoo tuliikuta kisimani imejaa, yeye hakurudi, na mtoto akasema anaitwa Ciza... Jirani yetu Kezia anasema basi Joan aielekeze hiyo kamera jikoni kwa Scola, tujue maharage yameiva au tunadanganywa, wanacheka kile kicheko cha msibani cha kufunika mdomo, na mdogo wangu Scola anajibu kutoka jikoni kwamba mwenye haraka aje apulize moto mwenyewe... wanne, daftari linasema wanne, Philbert, mimi Kalista, Frednand na Scola, waliotoka tumboni mwake, ndivyo nilivyoandika nikiwa kidato cha pili, mama akausoma ukurasa midomo ikitikisika, akanirudishia daftari bila neno, nikadhani ameridhika... kivuli dirishani, ni Philbert, anasema kwa sauti ya chini, “Kalista, katekista anauliza. Andika kama ilivyo kwenye daftari, wewe ndiye unayejua,” kisha anaondoka, na nyuma yake namwona Ciza juu ya ngazi anafunga turubai, Ciza aliyemwogesha mama miaka mitatu, akamgeuza kitandani, mimi nikiwa Biharamulo napiga simu kila Jumapili kuuliza amekula nini... Joan anasema kamera yenyewe lazima ipozwe, karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri, na Kezia anauliza baridi yote hiyo ya nini.

“Kwa sababu nayo ina joto lake, bibi. Isipopozwa inajiona yenyewe, nyota hazionekani.”

Inajiona yenyewe... ile wiki tuliugua homa wote wawili, mimi na Ciza, na mama alikuwa na mgongo mmoja, akambeba yeye hadi zahanati, mimi nikafuata kwa miguu, miaka kumi na mmoja, viganja vinawaka, nikitazama nyayo zake ndogo zikining'inia kwenye kanga ya mama, njia nzima sikuona kingine, si migomba, si watu, nyayo zile tu, na nilipokuja kulifungua daftari nikaandika wanne, nikasema ni usahihi, miaka yote nikasema ni usahihi... kalamu bado iko pale pale juu ya karatasi, wanamenya bado, watano, nitaandika watano, na Ciza aandikwe wa tatu, kabla ya Frednand, au ni baada yake, sijui alizaliwa mwaka gani, mimi ninayejua siku ambayo ng'ombe wa babu alizaa pacha, mimi ninayejua jina la padri aliyembatiza mama, sijui Ciza alizaliwa kilima gani huko Burundi, na yule aliyemzaa, aliitwa nani, miaka thelathini na zaidi tumekula sahani moja, sijawahi kumwuliza.