Majembe Matano

Mwaka ule Meshaki Mkinga alipofungua duka lake la pili ndipo watu wa kijiji chetu walipoanza kuhesabiana. Zamani, enzi za duka la ushirika, hakukuwa na haja. Wote tulikuwa Wanyakyusa, wote tulikuwa na migomba, wote tulikosa sukari. Tungebaguana kwa lipi? Kisha biashara ikawa ruksa, na watu wakaja na ruksa yao. Wakinga walishuka kutoka Makete na mabunda ya mitumba. Wasafwa wakaja kuchuma chai. Mndali mmoja, fundi mwashi, alikuja kujenga choo cha shule; choo kikaisha, yeye akaoa. Mimi ni bwana shamba, nina diploma yangu ya kilimo, na kazi inanipitisha kila uani. Niliwaona wakiingia kama mvua ya kwetu Kisondela: hujui imeanza saa ngapi, unashtukia umelowa.

Athuman aliwatangulia wote. Ni Mrangi wa Kondoa, mnunuzi wa ndizi, aliyekuja na lori mwaka themanini na saba, lori likafia kwenye utelezi pale juu, na alipokuwa akisubiri spea akazoea uji wetu. Mzee Amoni akamkatia kipande cha shamba, Athuman akamletea bati thelathini kutoka Mbeya. Nyumba ya Amoni ikawa ya kwanza kuwa na bati kwenye ule mgongo wa kilima. Mvua ikinyesha mzee alikuwa anatoka nje kuisikiliza, analowa, anafurahi. Mimi nilikuwa shahidi wa kile kipande. Tulikunywa chai, tukapeana mikono, basi.

Athuman akamleta mkewe Mwanabibi, baadaye akamleta mama yake, Bi Samira, kibibi mdogo kama kikapu, ambaye alijifunza kusema "ugonile" kabla hajashuka kwenye gari na akawa anawaamkia watu hata mara tatu kwa asubuhi moja ili asikosee.

Miaka minane hakuna aliyesema neno. Halafu ukaja mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na mwaka huohuo wana wawili wa Amoni wakarudi kutoka kiwandani Mbeya. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa na wao wamepunguzwa. Walirudi na magodoro yao na watoto saba, wakaangalia shamba la baba, wakaona katikati yake kuna Mrangi.

Kwetu mtu hafukuzwi. Nataka hilo lieleweke. Kwetu watu wananyamaza. Wazee wanaamini kwamba majirani wakimnung'unikia mtu kimoyomoyo, wengi kwa pamoja, mtu huyo hupata baridi mwilini isiyo na homa, na mambo yake hupooza yenyewe. Wanaiita baridi ya watu. Nimesoma, siamini. Lakini nilianza kuona Mwanabibi akifika bombani, mazungumzo yanakatika, ndoo yake inapishwa haraka kwa adabu nyingi mno. Nilisikia mwenyekiti wetu wa kijiji, Asajile, akiuliza kilabuni, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, hivi wageni wetu sasa wamefika kaya ngapi. Watu wakaanza kukunja vidole. Nikatania kwamba wasimhesabu Mkinga mmoja, yule anayekopesha sabuni. Walicheka. Ilikuwa Mei, bado walikuwa wanacheka.

Julai, alfajiri ya ukungu, Bi Samira akafariki.

Sasa, kwetu mtu anazikwa nyumbani, pale migombani, karibu na mlango. Shamba lisilo na kaburi ni shamba tu. Likiwa na kaburi ni kwao mtu, na hakuna mwenyekiti wala mtoto wa nani atakayekuja kulidai. Na jambo la pili: mfiwa hashiki jembe. Kaburi linachimbwa na majirani. Kilio kikisikika, wanaume wanatoka na majembe bila kuitwa, na anayekuja na jembe amesema huyu marehemu ni wetu. Asiyekuja nalo pia amesema.

Mwanabibi alilia tangu alfajiri. Nilikaa kitandani nasikiliza milango ya majirani. Haikufunguka hata mmoja.

Mke wangu Tupokigwe alinipa koti. Akaniambia, "Baba Jackson, leo usichekeshe mtu."

Niliwakuta wazee wamekusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, ile iliyokuwa ghala la ushirika. Watu kama thelathini, wamejifunika mablanketi, hakuna jembe. Athuman alikuwa amesimama mbele yao na kanzu imelowa hadi magotini. Asajile alimpa pole ndefu sana, nzuri, ya kikristo kabisa. Kisha akasema ameshahangaika kutafuta pikapu. Gari lipo, mafuta yapo, Athuman asitoe chochote. Msasani, pale Tukuyu mjini, kuna makaburi ya Waislamu wenzake, na kuna shehe, marehemu atapumzika na watu wake. Kila mtu akaitikia kwa kichwa kwa jinsi wazo lilivyokuwa la huruma.

Athuman alielewa. Miaka minane si michache. Alijibu polepole kwamba anashukuru kwa gari, na kwamba gari hilo limfuate shehe huko Msasani limlete, kwa sababu dini yake inataka mama azikwe leo, na atazikwa pale alipokuwa akilala. Kama hakuna wa kuchimba, atachimba mwenyewe.

Hapo Mzee Amoni akanyanyuka. Hakumtazama Athuman, alinitazama mimi, shahidi.

"Bwana samba," alisema kwa kile Kiswahili chake cha nyumbani, "mimi nilimpa mahali pa kulala. Sikumpa mahali pa kufia."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifanya ninachokijua. Nimetuliza ugomvi wa mipaka, wa ng'ombe, hata wa wake wenza, kwa kuchekesha watu. Nikasema, "Wazee wangu, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka minane, na leo ndiyo siku anahitaji majembe, nyinyi mnamtafutia gari. Mbona mnawachanganya wahenga?"

Nikasubiri kicheko. Nilikuwa hata nimeshafungua mdomo ili nicheke nao.

Hakucheka mtu. Walinitazama watu thelathini ambao nimewapandia parachichi na kuwatibia kahawa, na nyuso zao zilikuwa zimefungwa kama maduka siku ya Jumapili. Asajile akasema kwa upole, "Bwana shamba, hilo ni la kwetu, wa hapa. Tuachie." Nilishangaa kidogo alivyolisema, lakini nikadhani amekusudia kwamba mimi ni mtu wa serikali.

Niliondoka. Nilirudi nyumbani, nikachukua jembe. Tupokigwe alikuwa anamenya ndizi. Hakunizuia; aliniuliza kama nimehesabu tutakaa na nani baada ya hapo. Nikamwambia majirani ni walewale. Akaendelea kumenya.

Njiani nilijiambia kwamba nikitangulia mimi, watanifuata. Mtu mmoja wa kwao akishika jembe, aibu itawainua wengine. Ndivyo watu wetu walivyo, nawajua. Nilipofika kwa Athuman nikavua koti, nikachagua mahali kati ya migomba miwili, nikakata udongo. Udongo wetu mweusi, laini, unachimbika kama unakuita.

Nilisikia hatua, nikafurahi, nikageuka. Alikuwa Meshaki. Amefunga maduka yote mawili. Nyuma yake Wasafwa wawili wa kwenye chai, na nyuma yao yule fundi Mndali. Wote na majembe. Meshaki tu ndiye aliyeninong'oneza, akiwa tayari ameshaingia shimoni, "Kaka, na sisi tuna wazazi. Nao watakufa."

Ndipo nikaona kosa langu, lakini jembe lilikuwa juu na sikuweza kulirudisha. Ningechimba peke yangu, ningekuwa bwana shamba mpumbavu mwenye huruma. Sasa tulikuwa kundi. Chochote ambacho Asajile alikuwa akikinong'ona kilabuni tangu Mei, sisi tulikuwa tunakichora ardhini, futi sita kwenda chini.

Shehe Yussuph alifika kwa ile pikapu. Angalau gari halikunyimwa. Alituelekeza namna ya kuchimba mwanandani, ule upenyo wa ubavuni anamolazwa maiti, na Mndali aliuelewa mara moja, akauchonga vizuri kuliko alivyojenga kile choo. Nilitaka kumwambia hivyo. Sikumwambia.

Nilipoinua kichwa kufuta jasho, barabarani walikuwa wamesimama. Wote. Waliacha ofisi wakaja hadi pale kwenye ukingo wa migomba, wakasimama kwenye manyunyu, majirani zangu wa maisha yote, mikono ndani ya mablanketi. Hakuna aliyezomea. Asajile alikuwa mbele. Nikamwona ananyoosha kidole, taratibu, kwa Meshaki, kwa Msafwa wa kwanza, kwa wa pili, kwa Mndali. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikangoja kidole kishuke.

Hakikushuka. Kilinifikia mimi.

"Watano," alisema, kwa sauti ya kusikika. Aliyekuwa kando yake akaitikia kwa kichwa, na wakaondoka, wote kwa mara moja, kama kanisa likitoka.

Bi Samira tukamzika kabla ya alasiri. Athuman alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Alikuwa amepata alichokitaka: sasa pale ni kwao. Nikamwambia alale, kesho tutaongea habari za migomba.

Kesho yake niliamka mapema, na nilisikia ubaridi mgongoni, nikauita Julai. Nilimkuta Mzee Amoni njiani anatoka kukata majani ya ng'ombe. Mzee huyu alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nikainama kama inavyopasa.

"Ugonile, tata."

Aliweka mzigo chini. Hakuitikia. Alinitazama kwa muda, bila chuki, kama anayeangalia ng'ombe anayekusudia kumuuza.

"Babu yako," alisema, "alitokea wapi, eti? Nimesahau."

Babu yangu alikuwa Mnyiha, alitokea Unyiha, amebeba sanduku la wamisheni kichwani. Amoni hajasahau, hakuna wa rika lake aliyesahau. Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha, yote yako tayari mdomoni. Nikamwinulia mzigo, nikamtwika kichwani, nikampisha njia.