Jambia Lenye Kinundu

Bwana Detlef alikuja kununua majambia ya mifupa, na aliyemleta ni kaka yangu Wandimi, ambaye siku hizi ni mtaalamu. Mtaalamu wa nini, mto mzima wa Sepik haujui, lakini hapa kijijini ni yeye peke yake mwenye Kiingereza cha kubembelezea wageni.

Majambia ya mfupa wa kaswari mgeni hakuyataka. Kaswari ni ndege tu, kakimbia msituni, kafa, basi. Yeye alitaka mfupa wa paja la mtu, tena mtu mwenye heshima zake. Kumbe hata mapaja yetu yana madaraja.

"Mwambie tunaye mzee Kolion," nikasema. "Anakohoa tangu juzi. Avumilie kidogo."

"Dada Sangi, usinitie aibu," Wandimi akanong'ona.

Sisi baba zetu hatuwatupi. Mwanamume wa heshima akifa, mwanawe huchukua mfupa wa paja, ukachongwa jambia, akakaa nalo. La baba yetu lilining'inia juu ya moshi wa meko nyumbani kwa Wandimi mpaka mwaka wa mafuriko. Mafuriko yale yalikuwa na adabu ya ajabu: yaliacha vyungu, yakaacha mikeka, yakamwacha hata mbwa, yakachukua jambia tu. Maji yalipopungua, Wandimi akawa na mashine mpya ya mtumbwi. Nililia, nikamwamini. Kaka ni kaka.

Mgeni akatoa simu atuonyeshe mali yake. Ukuta mweupe, majambia yamepangwa kama samaki gulioni. Nilikuwa natafuna tambuu, natafuta la kucheka. Akafika kwenye moja lenye kinundu katikati, akasema neno huku amekunja pua.

"Anasemaje?"

"Anasema hilo lina kasoro, ndiyo maana alilipata rahisi." Wandimi alitafsiri bila kutazama, yuko na kibuyu chake cha chokaa ya tambuu.

Kasoro! Baba alivunjika paja hilo kwa kuanguka mnazini, likaunga kombo, akachechemea nalo miaka yote akitulisha sago. Mchongaji aliambiwa asikikwangue kinundu, maana hicho ndicho baba mwenyewe.

"Wandimi. Mwambie huyo ni baba yetu."

Ndipo akatazama. Akamwambia mgeni maneno, na mgeni akanitabasamia, akanishukuru. Kwa kinywa cha Wandimi nimeusifia ukuta wake, nadhani.

Haya. Iko lugha isiyomhitaji Wandimi. Nikashuka mtoni, nikajipaka udongo usoni, nikarudi, nikaketi mbele ya ile simu, mgeni kaiacha juu ya gogo picha ya baba ingali wazi, na kuanza kilio cha msiba. Kwetu mwanamke akisikia kilio hicho haulizi. Huacha sago majini, huja, huketi, hulia. Walikuja wote. Na msiba ukishakaa, hakuna mtumbwi unaoondoka.

Bwana Detlef, mizigo begani, akamshika kaka yangu mkono. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Kiingereza hicho hata mimi nilikielewa: nani kafa?

Wandimi aliwaangalia kina mama, akaniangalia mimi. Mwishowe akapiga magoti matopeni, akaichukua simu, akaweka kidole juu ya kinundu, akalia.

Mgeni akatua mizigo yake chini.

"Sasa mwambie," nikamwambia kaka, "tunamtaka baba nyumbani."